Nafasi na kina kwenye bango: kupanga kilicho mbele, cha kati na cha nyuma

Karatasi ni bapa. Kina kinachoonekana kwenye bango hutengenezwa na macho ya anayetazama, kwa kufuata dalili chache alizowekewa na msanifu: hiki kimekizuia kile, hiki ni kikubwa, kile kimefifia. Nafasi tupu nayo hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine, maana inaamua jicho litue wapi na lisitue wapi. Ukivitumia viwili hivi vizuri, msomaji anajua kipi ni cha kwanza hata kabla hajasoma neno.

Kosa kubwa ni kuanza na athari. Programu inafunguliwa, kila herufi inapewa kivuli, kila picha inawekewa mng'ao pembeni, na mwisho vitu vyote vimesogea mbele kwa pamoja. Hakuna kilichobaki nyuma, kwa hiyo hakuna kilicho mbele. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, yaani kwenye ujumbe. Mfano tutakaoufuata ni bango moja la A3, la wima, la kubandikwa kwenye kijiwe cha bodaboda, lenye ujumbe huu: vaa helmeti hata kwa safari fupi.

Hatua ya 1: Ujumbe kwanza, kisha uamue kina cha namna gani

Andika ujumbe wote kwenye karatasi, kisha ugawe katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni amri: VAA HELMETI. Ya pili ni sababu au sharti: hata kwa safari fupi. Ya tatu ni jina la taasisi na namba ya simu. Ukijikuta na ngazi ya nne na ya tano, hayo ni maneno ya kipeperushi, yaondoe kwenye bango.

Sasa jiulize: ujumbe huu unataka umbali gani? Wengi wakipewa kazi ya usalama barabarani huchora lami ndefu inayokwenda kuishilia mbali kwenye milima. Picha inapendeza, lakini inasema "safari ndefu", na ujumbe wetu unasema kinyume chake. Bango hili linahitaji kina kifupi. Nyuma kabisa tuweke duka la mtaani lililoziba njia, mita 15 hadi 20 tu kutoka kwa mtazamaji. Katikati, dereva wa bodaboda amesimama kando ya pikipiki yake, amevaa helmeti, anasubiri. Mbele kabisa, helmeti ya pili, ya abiria, imeinuliwa kana kwamba inakabidhiwa mtu, na uwazi wake wa chini umemwelekea msomaji. Abiria hatumchori. Ule utupu ndani ya helmeti ni mahali pa kichwa cha anayesoma.

Kwa ufupi, helmeti inabeba amri, mtaa mfupi unabeba sharti, na nafasi tupu inamtaja msomaji. Kama huwezi kueleza hivyo kila kitu ulichoweka kwenye bango lako, bado hujamaliza hatua hii.

Nafasi tupu peke yake inaweza kubeba ujumbe mzima. Mwaka 1959 Volkswagen walitoa tangazo Marekani ambalo karibu ukurasa wote ulikuwa mweupe, na gari dogo limewekwa juu kushoto. Gari lenyewe lilikuwa dogo, na weupe ule ndio uliowafanya watu wauone udogo huo kuwa ni sifa.

Hatua ya 2: Michoro midogo sita

Chora vijisanduku sita vya sentimita 5 kwa 7 kwa penseli. Uwiano huo ni karibu sawa na wa A3. Tumia rangi tatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu na nyeusi. Sehemu ya mbele iwe na rangi moja, ya kati moja, ya nyuma moja. Usichore macho ya dereva wala maandishi ya duka, chora maumbo tu.

Mchoro ambao maumbo matatu hayatofautiani kwa rangi tatu hautaokolewa na picha nzuri baadaye. Hatua hii inachukua nusu saa na watu wengi huiruka, kisha wanapoteza siku nzima wakisogeza vitu kwenye skrini.

Hatua ya 3: Kuandaa karatasi

A3 ni milimita 297 kwa 420. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, faili liwe 303 kwa 426. Kwa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni takriban pikseli 3579 kwa 5031. Pambizo ziwe milimita 25 pande zote; maandishi yasivuke hapo, picha zinaweza kuvuka. Upana uliobaki ni milimita 247. Ugawe kwa safu 6 za milimita 37, na milimita 5 kati ya safu na safu. Hesabu inakaa sawasawa bila mabaki.

Hatua ya 4: Kugawa nafasi

Chagua kipimo kimoja cha msingi. Kwa A3, milimita 8 zinatosha. Vitu vya kundi moja viachane kwa kipimo kimoja, na makundi yaachane kwa vitatu, yaani milimita 24. Uwiano huu wa moja kwa tatu ndio unaomwambia msomaji "hivi viko pamoja, vile si vya hapa" bila kuhitaji mstari wala kisanduku. Nafasi zote zikiwa sawa, bango linageuka orodha.

Ukubwa wa herufi unatokana na umbali wa msomaji. Kwa kusomeka bila kukaza macho, herufi kubwa ya urefu wa milimita 25 inafaa mtu aliye umbali wa mita 3. Tukitaka VAA HELMETI isomwe kutoka mita 4 hivi, herufi ziwe na urefu wa milimita 35. Katika fonti nyingi, urefu wa herufi kubwa ni kama asilimia 70 ya saizi inayoandikwa kwenye programu, kwa hiyo andika takriban pointi 142. Weka maneno hayo kwa mistari miwili yenye milimita 10 katikati. Yatachukua kuanzia milimita 25 hadi 105 kutoka juu. "Hata kwa safari fupi" ifuate chini yake kwa pointi 51, inayosomeka kutoka mita moja na nusu.

Baada ya hapo acha. Kati ya maandishi na kichwa cha dereva bakisha angalau milimita 24 za anga tupu, na kando ya helmeti acha upande mmoja wazi kabisa. Mteja atauona upande huo na kuuliza kama nembo ya mfadhili haiwezi kukaa pale. Mweleze kwamba helmeti inaonekana iko karibu kwa sababu hakuna kinachoshindana nayo. Ukiweka nembo pale, inarudi nyuma. Nembo ina mahali pake kwenye ngazi ya tatu, chini.

Nafasi huharibika kwa namna mbili ambazo hujirudia. Ya kwanza ni nafasi iliyofungiwa: upenyo mtupu katikati ya picha na maandishi, umezungukwa pande zote, unaonekana kama tundu. Nafasi inafanya kazi ikiwa imeunganika na ukingo wa karatasi. Sukuma vitu upande mmoja upenyo uende kutokea nje. Ya pili ni kugusana kwa bahati mbaya. Kitu kikikaribia ukingo kwa milimita 2, au kichwa cha dereva kikigusa tu mstari wa paa la duka, jicho hunasa pale. Kata kitu waziwazi au kiache mbali. Usikiweke katikati ya maamuzi hayo mawili.

Kanga imelijua hili siku nyingi. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko ndani, na jina limepewa sehemu yake ya chini ya mji bila kusongwa na maua. Maneno yale yanasomeka mwilini mwa mtu anayetembea. Hebu tandaza moja mezani upime jina limeachiwa nafasi kiasi gani juu na chini kabla ya kupanga kichwa chako cha bango.

Hatua ya 5: Kujenga kina

Dalili yenye nguvu kuliko zote ni kupishana: kitu kinachoziba kingine kiko mbele. Haihitaji kivuli wala ukungu (kuifanya picha ipoteze ukali). Inatosha helmeti izibe milimita 10 za chini ya gurudumu la pikipiki, na jicho halitabishana tena. Kosa ni kuviacha vitu vitatu vimetengana, kila kimoja kikielea mahali pake, kisha kutafuta kina kwa vivuli.

Wasanifu wengine hupenda kitu cha mbele kipite juu ya herufi za kichwa. Inaleta kina kizuri, ila katika Kiswahili angalia sana herufi unayoiziba. VAA na VUA zinatofautiana kwa herufi moja, ile ya katikati. Ukiziba ncha ya juu ya A ya kwanza, miguu miwili inayobaki inaweza kusomwa U, na bango lako linamwamuru mtu avue helmeti. Ziba sehemu ya chini ya herufi, maana sehemu ya juu ndiyo inayotambulisha herufi zaidi. Usizidi robo ya urefu wake. Na usiguse kabisa herufi inayobeba maana peke yake.

Dalili ya pili ni ukubwa. Kitu kikiwa mbali mara mbili huonekana nusu ya ukubwa wake. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe. Helmeti halisi ina urefu wa kama sentimita 25. Tukiichora kwa milimita 170, kila mita halisi imechukua milimita 680 za karatasi. Dereva wa mita 1.75 tukimchora kwa milimita 55, kila mita imechukua milimita 31. Tofauti ni karibu mara 22. Kama helmeti iko nusu mita kutoka machoni, dereva yuko mita 11. Huo ni umbali wa mtaa wa kawaida, ndiyo safari fupi tunayoitaka. Tofauti ndogo, mfano helmeti iliyozidi kichwa cha dereva kwa theluthi tu, haileti kina. Inaonekana umekosea kipimo.

Dalili ya tatu, na hapa ndipo picha nyingi za kubandika zinapoharibika, ni upeo wa macho. Kila picha ina mstari wa kulala ulio sawa na kimo cha macho au kamera ya aliyepiga. Kamera ikiwa kimo cha mita 1.6 kwenye ardhi tambarare, mstari huo unapita kwenye macho ya kila mtu aliyesimama ambaye macho yake yako kwenye kimo hicho, awe karibu au mbali. Kinachobadilika ni miguu: ya aliye karibu iko chini zaidi kwenye karatasi. Ukichukua dereva aliyepigwa picha na mtu aliyechuchumaa, ukambandika kwenye mtaa uliopigwa na mtu aliyesimama, ataonekana anaelea au ameteleza hata ukimpunguza na kumwongeza siku nzima.

Kwenye bango letu weka mstari huo milimita 160 kutoka juu. Macho ya dereva yawe hapo, miguu yake milimita 210. Helmeti ianze 200 na iishie 370. Inabaki milimita 25 kabla ya pambizo ya chini, ambamo ngazi ya tatu inakaa kwa mstari mmoja. Kingo za barabara, mfereji na ubaraza wa duka zikirefushwa zikutane kwenye mstari huohuo. Mahali zinapokutana pachague kwa makusudi: pasogeze upande wa helmeti, ili mistari ya barabara ilete jicho kwake. Ikikutania kando kwenye anga tupu, jicho litaifuata mpaka huko na helmeti itapitwa.

Herufi zenyewe usizilaze wala usizipe unene wa pembeni. Maandishi ni ya uso wa karatasi. Yakitulia, picha iliyo nyuma yake inapata kina zaidi.

Hatua ya 6: Kivuli

Tofautisha vivuli viwili. Kivuli cha mguso ni ule mstari mweusi mwembamba pale gurudumu linapokanyaga ardhi. Ndicho kinachokiweka kitu chini. Kivuli cha kutupwa ni kile kinachoanguka kando. Picha nyingi zina cha pili bila cha kwanza, ndiyo maana zinaelea.

Vitengeneze kwa leya mbili, yaani tabaka mbili za picha ndani ya programu. Cha mguso kiwe na ukungu wa milimita 1 hadi 2 na uzito wa asilimia 60 hivi. Cha kutupwa kiwe na ukungu wa milimita 8 hadi 12 na uzito wa asilimia 25 hadi 35. Leya zote ziwe katika hali ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, iliyopo kwenye programu za Photoshop na GIMP. Rangi isiwe nyeusi tupu. Chukua rangi ya ardhi yenyewe uifanye nzito: kwenye udongo mwekundu kivuli ni kahawia iliyoiva, kwenye lami ni kijivu chenye ubuluu. Kadiri kitu kinavyoinuka kutoka ardhini, kivuli chake kinatengana nacho, kinalainika na kufifia. Helmeti yetu imeinuliwa mkononi, kwa hiyo isiwekewe kivuli kinachoigusa.

Mwanga uwe mmoja, na uwe wa hapa. Dar es Salaam jua la saa sita mchana liko karibu na utosi. Mwanzoni mwa Machi na mnamo Oktoba linapita juu kabisa, na hata Juni kivuli cha mtu saa hiyo hakifikii theluthi mbili za kimo chake. Berlin, saa sita mchana ya Desemba, kivuli cha mtu ni karibu mara nne ya kimo chake. Picha za kununua mtandaoni nyingi zimepigwa kwenye jua la namna hiyo, la pembeni. Ukiibandika pikipiki ya jua la pembeni kwenye mtaa wa jua la utosini, mtu wa kawaida hatakutajia kosa ni nini, lakini ataiona picha ni ya uongo, na ujumbe wako utapoteza imani yake.

Hatua ya 7: Rangi na ukungu

Sehemu ya mbele ipate tofauti kubwa kabisa ya giza na mwanga. Ya kati ipunguze. Ya nyuma ibaki kwenye rangi nyepesi zinazokaribiana. Kwa kukadiria: giza la mbele lifike asilimia 90 hadi 100 ya weusi, la kati 60, la nyuma lisivuke 30. Helmeti ikiwa ya rangi ya moto, kama nyekundu au ya chungwa, mtaa uwe wa rangi iliyopoa.

Wengi hufundishwa kwamba vitu vya mbali vinakuwa vya buluu. Ni kweli kwa milima kwenye hewa safi. Kanuni yenyewe ni kwamba vya mbali huchukua rangi ya hewa iliyo katikati. Mtaa wa vumbi hufifia kuelekea wekundu wa vumbi, na pwani kwenye joto la mchana huelekea weupe. Chukua rangi ya hewa ya mahali pako, uitandaze juu ya duka kwa asilimia 20 hadi 30.

Ukungu utumie kwa kiasi. Kwa pikseli 300 kwa inchi, ukungu wa pikseli 10 hadi 15, yaani kama milimita 1, unatosha kulisukuma duka nyuma. Kabla ya kuuweka, ondoa kitu cha mbele kwenye leya ya nyuma na uzibe pengo lake kwa rangi za jirani. Usipofanya hivyo, rangi ya helmeti itavuja na kuizunguka kama moshi, na hakuna kusafisha kingo kutakakoiondoa. Uso wa dereva usiutie ukungu. Ni mtu, na ndiye anayesubiri.

Kichwa kikipita juu ya picha, tofauti ya mwangaza kati ya herufi na nyuma yake iwe angalau 3 kwa 1, na maandishi madogo 4.5 kwa 1. Ukikosa, usikimbilie kivuli cha herufi. Tandaza mpito wa rangi, yaani rangi inayofifia taratibu, kutoka ukingo wa juu kushuka, au tafuta picha yenye anga tulivu.

Kuna ujumbe usiohitaji kina chochote. Picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Said Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, zinasimamisha mnyama mmoja bapa juu ya rangi moja, na unamwona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kama bango lako ni la alama, onyo la umeme au njia ya kutokea, fanya hivyo: umbo moja, nyuma tupu, basi.

Hatua ya 8: Kujaribu na kuchapa

Geuza bango liwe la kijivu tupu kisha finya macho kwa mbali. Helmeti isipokuwa ya kwanza kuonekana, tatizo liko kwenye giza na mwanga, na rangi haitalitibu. Halafu lipunguze mpaka upana wa pikseli 150, maana nakala nyingi zitapita WhatsApp na kuonekana kwanza kama kijipicha. Hapo lazima umbo la helmeti na maneno mawili yabaki. Mengine yakipotea si neno.

Chapa moja ya A4 nyeusi na nyeupe. Kwa kuwa upana wake ni kama asilimia 70 ya A3, isimame mita 2.8 badala ya mita 4. Mwonyeshe mtu asiyeijua kazi kwa sekunde tano, ifiche, umuulize aliona nini kwanza, kisha nini. Akianza na duka, rudi hatua ya 7. Akisema aliona vitu vingi, rudi hatua ya 4.

Kwa mchapaji uliza kiwango cha juu cha wino anachokubali. Wengi hutaka jumla ya asilimia za rangi nne za wino mahali pamoja isivuke 300, vinginevyo giza linaganda na tabaka zako za mbele na kati zinakuwa doa moja. Kwenye karatasi ya kawaida wino husambaa kidogo, kwa hiyo vivuli hutoka vizito kuliko skrini. Vipunguze kidogo kabla ya kutuma. Upande wa pili, chochote kilicho chini ya asilimia 5 huenda kisichapike kabisa, na kivuli kinachofifia taratibu hukatika ghafla kwa ukingo mkali. Kimalizie kwenye asilimia 5 au kishushe kabisa. Mpito mrefu wa rangi ukitoka na mistari, ongeza chembechembe za asilimia 1 hadi 2 kwenye leya hiyo.

Omba nakala moja kabla ya kuchapa mia tano, uipeleke kijiweni penyewe, chini ya mwembe au bati litakapobandikwa, saa sita mchana, uitazame kutoka mahali abiria wanaposhukia.